Sura ya Tisa: Moja, Tatu, Nne, Mbili

Kelele za getini zilikuwa zimebadilika. Asubuhi watu walikuja kuuliza habari za mkunga wao. Alasiri hii hawakuuliza tena. Walikuwa wanamtaka fundi.

"Mtoeni! Tupeni sisi tumhoji!"

Jiwe liligonga bati la kibanda cha mlinzi. Inspekta hakugeuka. Alipita nyuma ya jengo la kituo, akakata kona ya jiko la askari, akaingia kwenye ua ambako magari ya ushahidi huhifadhiwa. Gari la mkunga lilikuwa chini ya paa la mabati, boneti juu, kama mdomo wa mtu aliyekufa akitaka kusema neno.

Kando yake alisimama mkaguzi wa magari. Kituoni walimwita Mhandisi, kwa kuwa alisomea uhandisi na hakuna wiki iliyopita bila kuwakumbusha.

"Niambie la kunisaidia," Inspekta alisema. "Wale wakilivunja geti, sina askari wa kutosha."

"La kusaidia lipo, ila linamzamisha fundi wako." Mhandisi alielekeza tochi ndani ya injini. "Waya mbili za plagi zimebadilishwa. Ya silinda ya pili imechomekwa kwenye ya tatu, na ya tatu kwenye ya pili."

"Ripoti ya kwanza ilisema gari lilichemka."

"Ripoti ya kwanza iliandikwa na mtu aliyeona boneti imefunguliwa porini akadhani ni hivyo. Nimekagua. Maji yamejaa, oili ni safi, hayajachanganyika. Injini kama hii ikichemka sana, hedi yake hupinda, maana ni moja tu, ndefu, imelala juu ya silinda zote. Ikipinda, maji na oili vinakutana. Hapa havijakutana. Hili halikuchemka."

Inspekta aliinama, akatazama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kukaa na jambo mpaka lichoke lenyewe. Mkunga wa zahanati alitoka kazini akiendesha gari hili, hakufika nyumbani. Gari lilikutwa barabara ya msituni, mlango wa dereva wazi, mkoba kwenye kiti, kiatu kimoja chini. Siku hiyohiyo lilikuwa limetoka kwa fundi. Kitambaa cha fundi chenye grisi kilikutwa kwenye buti. Mambo yalionekana yamejipanga vizuri mno: fundi aliharibu gari makusudi, akalifuata, akamkuta mama wa watu peke yake.

"Mleteni," Inspekta alimwambia Sajenti aliyesimama nyuma yake.

Fundi aliletwa kwa mlango wa ndani, pingu mikononi. Mtaani walimwita Bisibisi, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, ambaye kwa kawaida angekuchekesha kabla hujamsalimia. Sasa kila sauti ilipopanda getini alijikunyata kama mtu anayenyeshewa.

"Afande, wataniua," alisema. "Wamekwisha choma banda langu. Moshi niliuona kwenye dirisha la selo."

"Tazama injini. Unaona nini?"

Bisibisi alitazama, kisha akaruka hatua moja nyuma. "Nani kaweka waya hivi?"

"Wewe ndiye fundi."

"Afande, hii ni injini ya mstari! Silinda nne, moja nyuma ya nyingine, plagi zote ziko juu, zinakutazama. Hata ukiamshwa usingizini huwezi kukosea. Ningekuwa nimeweka hivi, gari lisingetoka bandani kwangu bila kutetemeka kama mgonjwa wa homa. Nililijaribu mwenyewe mpaka barabara kuu na kurudi. Mkunga alikuwa kakaa pembeni yangu, muulizeni..." Machozi yakamjaa.

"Yupo shahidi aliyeliona likitetemeka barabarani. Likikohoa, likitoa moshi mweusi."

"Shahidi gani?"

Inspekta alimgeukia Mhandisi. "Nieleze kama unavyomweleza hakimu asiyejua gari hata la kusukuma. Waya mbili zikibadilishwa, ndani kunatokea nini?"

Mhandisi alifurahi. Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Kazi yake ni nne: inavuta hewa na petroli, inabana, inalipua, inatema moshi. Katika nne hizo ni moja tu inayotoa nguvu, ule mlipuko. Sasa, ukiwa na silinda nne kwenye mstari, zote zinazungusha mtaimbo mmoja chini, huwezi kuziacha zilipue kwa pamoja. Zinapokezana. Moja, tatu, nne, mbili. Moja, tatu, nne, mbili. Ni kama watu wanne wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Kila mmoja ana zamu yake, na mmoja akikosea zamu, michi inagongana."

"Na hapa nani kakosea zamu?"

"Wa pili na wa tatu. Pistoni hizo mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja. Lakini moja ikiwa imebana tayari kulipua, mwenzake anamaliza kutema. Ukibadilisha waya zao, cheche inamfikia yule anayetema. Hana cha kulipua. Yule aliyebana anangoja cheche, haiji. Silinda mbili zinakufa. Gari linajikokota kwa mbili zilizobaki, linatikisika, linapiga risasi kwenye kabureta, petroli inaingia mbichi na inatoka mbichi."

"Hiyo petroli mbichi," Inspekta alisema polepole, "inaacha alama?"

Mhandisi alirudisha miwani usoni. "Inaacha."

"Wapi?"

"Kwenye plagi zenyewe. Zinalowa, zinashika masizi."

"Umezitoa?"

Mhandisi alikuwa ameambiwa atafute kilichosimamisha gari, akakipata, akaishia hapo. "Ndiyo uzuri wa injini ya mstari," alisema huku akitafuta spana kwa aibu kidogo. "Zingine, silinda zimegawanyika pande mbili, plagi nyingine zimejificha ukutani, unachubuka vidole. Hii unasimama mbele yake tu."

Alitoa plagi moja baada ya nyingine, akazilaza kwa mpangilio juu ya kitambaa cheupe. Wote wanne waliinama. Getini watu walianza kupiga mabati kwa pamoja.

Plagi zote nne zilikuwa na rangi moja, ya kahawia hafifu kama biskuti.

"Hizi mbili zina unyevunyevu," Inspekta alisema.

"Huo ni wetu. Jana tulijaribu kuliwasha, likatukoholea mara mbili likakataa. Lakini masizi hakuna." Mhandisi aliokota plagi ya tatu, akaisogeza karibu na macho. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Afande, silinda hii haijawahi kukosa zamu yake. Gari hili lilifika msituni likiwa zima kabisa. Mtu alilisimamisha, akazima, akafungua boneti, ndipo akabadilisha waya."

"Ili tulione bovu."

"Ili mlione bovu."

Bisibisi alishusha pumzi ndefu.

Inspekta hakushusha pumzi. Alikuwa anatazama mvua ikianza kudondoka nje ya paa. "Basi hakuna mtu aliyeliona likikohoa," alisema. "Wala likitoa moshi mweusi."

Sajenti alielewa wa kwanza. Yeye ndiye aliyechukua maelezo yale. "Shemeji yake," alisema. "Msimamizi wa kiwanda cha mbao. Yule aliyemwoa mdogo wake."

"Anaendesha nini?"

Bisibisi ndiye aliyejibu. "Lile gari kubwa la kijivu, afande, lenye pua ndefu. Nalifanyia huduma mimi. Silinda sita, nazo kwenye mstari."

"Ndiyo maana lina pua ndefu," Mhandisi alidakia. "Sita kwenye mstari zinataka nafasi. Ndiyo hasara yake, injini hiyo haichomeki kwenye gari dogo. Lakini utulivu wake! Nne zinatikisika hata zikiwa nzima. Sita zinasawazishana, hii ikipanda ile inashuka, unaweza kuweka glasi ya maji juu ya injini isimwagike."

"Husikii linapokuja," Bisibisi alisema. "Mara mbili limenikuta chini ya gari la mtu, nageuka naona viatu vyake tu. Sijasikia kitu."

Inspekta alikuwa ameshatoa simu. "Mfungueni pingu. Akae humohumo ndani mpaka watu watawanyike, apewe chai. Sajenti, washa gari."

Simu ya mama mzazi wa mkunga iliita kwa muda mrefu.

"Mama, ni Inspekta. Mkwe wako yupo hapo?"

"Ametoka kidogo, mwanangu, kaenda kununua mikate. Maskini, hajala tangu juzi. Mna habari?"

"Bado, mama. Uko peke yako?"

Sauti ya mama ikawa ya kunong'ona, kama mtu aliyefunika mdomo kwa mkono. "Nimemwita mdogo mtu. Yuko njiani, anakaribia kufika."

"Si uliniambia amesafiri kwa ndugu?"

"Nilidanganya, mwanangu, nisamehe. Alimkimbia mumewe. Dada yake ndiye aliyemficha, sijui wapi, hata mimi hakuniambia, aliniachia namba ya simu tu. Akasema nisiipige mpaka kuwe na msiba. Sasa mwanangu amepotea, nikaona huu ni msiba. Nikapiga."

"Mkwe wako anajua kwamba umepiga?"

"Ndiye aliyenishauri. Alilia hapa, akaniomba radhi, akasema mama, kama una njia ya kumpata mke wangu, mwambie dada yake amepotea, asije akasikia redioni."

Inspekta alikuwa ameshaingia garini. Alimpa Sajenti ishara ya mkono, na gari likatoka kwa geti la nyuma.

"Mama, nisikilize. Binti akifika, mwingize ndani, funga mlango, usimfungulie mtu yeyote. Hata mkwe."

"Kwa nini?"

"Nakuja."

Njiani Sajenti aliendesha bila kupiga king'ora. "Alimchukua mmoja ili mwingine atoke mafichoni," alisema hatimaye. Inspekta aliitikia kwa kichwa. "Na sisi tukamsaidia kutangaza," alijibu.

Nyumba ilikuwa ya mwisho kwenye safu, ukuta wa saruji usiopakwa rangi, madirisha yenye nondo. Waliacha gari nyuma ya safu ya pili, wakaenda kwa miguu. Mama aliwafungulia kabla hawajagonga. Alikuwa mdogo wa umbo, miwani yake imefungwa kwa uzi.

Nyuma yake, ukutani, alisimama mwanamke kijana aliyelowa mvua. Hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama mahali ambapo angeweza kuuona mlango na dirisha kwa pamoja.

"Dada yangu amekufa?" aliuliza.

"Sijui bado. Tunatoka sasa hivi. Mlango wa nyuma uko wapi?"

"Pale jikoni," mama alisema. "Ila haufunguki. Mkwe kabadilisha kitasa leo asubuhi, kasema ni kwa usalama wetu. Ufunguo anao yeye."

Sajenti alikwenda, akausukuma kwa bega. Ulikuwa wa chuma. Alirudi akitikisa kichwa.

"Basi wa mbele," Inspekta alisema. "Haraka."

Lakini yule binti alikuwa anatazama dirishani. Alielekeza kidole nje.

Nje, pua ndefu ya kijivu ilikuwa inapita taratibu mbele ya nondo za dirisha. Hakuna mngurumo uliosikika. Matone ya mvua yalikuwa yanagonga boneti, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya injini.

"Chumbani," Inspekta alinong'ona. Binti aliingia, mlango ukafungwa bila kishindo. Sajenti alirudi jikoni, akasimama nyuma ya pazia. Inspekta akakaa kwenye kochi, akachukua kikombe kilichokuwa mezani, chai yake imekwisha poa. "Mama, kaa. Mimi nimekuja kukusalimia tu."

Msimamizi aliingia na mfuko wa mikate. Mwanaume nadhifu, shati limepigwa pasi, sauti laini ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kupaza.

"Afande! Karibu. Kuna habari za shemeji yangu?"

"Tunamfikisha fundi mahakamani. Nataka tu kuyanyoosha maelezo yako, wakili wake asipate pa kushika."

"Hapo umenena." Aliketi, akaweka mfuko juu ya meza. "Uliza chochote."

"Ulilipita gari la mkunga."

"Nililipita, kabla ya kona ya msitu. Linachechemea, linatikisika lote."

"Ulilisikia?"

"Mbona nililisikia! Pah! Pah! Kama bunduki. Kioo changu kilikuwa wazi."

"Moshi?"

"Mweusi tii. Umeniingia mpaka puani. Nilikohoa hadi nafika nyumbani." Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Nilipiga honi, akanipungia mkono niendelee. Laiti ningesimama, mama. Laiti ningesimama."

Mama alikuwa anamtazama. Kitu fulani kilikuwa kinapita usoni mwake, polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kwa muda gani lilikuwa likikohoa hivyo?" Inspekta aliuliza. "Kwa makisio yako."

"Mwendo mrefu, afande. Lilianza tangu mteremko wa..."

Alikatiza. Macho yake yalikuwa sakafuni, karibu na mlango, ambako viatu vya kike vilivyolowa vilikuwa vimeachwa bega kwa bega. Alivitazama kwa muda. Alipoinua uso, ulaini ulikuwa bado upo kwenye sauti, lakini machoni haukuwepo.

"Mama, una mgeni?"

"Vya jirani, mwanangu. Alikuja kuomba chumvi."

"Jirani gani anavaa viatu nilivyonunua mimi?"

Msimamizi alisimama. Hakuelekea chumbani. Alikwenda mlango wa mbele, akaufunga, akageuza ufunguo na kuutia mfukoni. Sajenti alitoka jikoni mkono ukiwa kiunoni kwenye bastola. Msimamizi alimtazama kama anavyotazamwa mfanyakazi aliyechelewa.

"Afande, tusisumbuane," alimwambia Inspekta. "Umekwisha jua, nami najua kwamba umejua. Mimi sina ugomvi na yule mkunga. Namtaka mke wangu. Nitatoka naye kwa amani. Nikifika mbali nitakupigia simu, nikwambie dada yake yuko wapi."

"Na nikikukamata?"

"Nafunga mdomo. Mtanipiga, sitasema. Kule aliko hakuna maji. Msitu ni mkubwa, mmeshautafuta siku ngapi? Na mlitafuta pale nilipowaonyesha." Alitabasamu kidogo. "Chagua, afande. Ukinikamata, utabaki na mmoja hai. Ukituacha twende, wote wawili."

Mama alianguka magoti. "Mwanangu, kwa jina la Mungu, nilikupa binti yangu kwa mikono yangu hii..."

"Nyamaza, mama."

Inspekta hakuinuka. "Gari lake uliliacha barabarani likiwa zima," alisema. "Ukabadilisha waya, ukaondoka. Lako hukuwa nalo, kwa kuwa huwezi kuendesha magari mawili. Kwa hiyo, ukiwa umeshamficha mkunga, ulirudi kwa miguu lilipokuwa gari lako. Kutoka pale, kwa miguu, mtu anafika mahali pamoja tu penye paa. Kiwanda chako."

"Kiwanda kimekaguliwa."

"Ofisi na karakana. Kwa ruhusa yako, ukishika funguo wewe."

"Kiwanda kina maghala mangapi? Kina mashimo mangapi ya maranda? Anza kuhesabu, afande. Yeye ataacha kupumua kabla hujamaliza."

Mlango wa chumbani ulifunguka.

Binti alisimama pale, ameshika fremu kwa mikono yote miwili. Ilionekana wazi kwamba kila kiungo chake kilitaka kurudi ndani, na kwamba miguu ndiyo pekee iliyokataa.

"Rudi ndani," mumewe alisema, kwa upole uleule.

"Yuko kwenye tanuri," binti alimwambia Inspekta, bila kumtazama mwanaume. "Chumba cha kukaushia mbao, nyuma ya mashine kubwa. Mlango wake unafanana na ukuta. Alinifungia humo mimi. Ndiyo maana nilikimbia."

Msimamizi aliruka. Hakumfikia. Sajenti alimkumba ubavuni, wote wawili wakaangukia meza, mikate ikatawanyika sakafuni, na mama, yule mama mdogo mwenye miwani ya uzi, akashika kiatu kimoja cha binti yake na kumpiga nacho mkwe wake kichwani, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, akilia, mpaka Inspekta alipomshika mkono. Pingu zilifungwa. Msimamizi alilala kifudifudi akicheka taratibu.

"Kimbieni basi," alisema. "Kuni nimeshazipanga."

Walimwacha mikononi mwa askari wa doria walioitwa kwa redio. Binti aliambiwa abaki na mama yake. Alivaa viatu, akaingia kwenye gari la polisi, akafunga mlango mwenyewe.

"Nyie hamtauona ule mlango," alisema.

Kiwanda kilikuwa kimesimama, mashine zikingoja vipuri, hakuna mfanyakazi hata mmoja. Mvua ilipiga paa la bati kwa kishindo kiasi kwamba walilazimika kuzungumza wakikaribiana. Walipita kati ya magogo, maranda yakinata kwenye viatu. Nyuma ya msumeno mkubwa kulikuwa na ukuta wa mbao nyeusi za lami. Binti alipapasa kwa kiganja, akasimama.

"Hapa."

Chini, pembeni, palikuwa na mdomo wa jiko. Kuni zilikuwa zimepangwa ndani kwa ustadi, na harufu ya mafuta ya taa ilikuwa bado mbichi. Sajenti alizivuta nje zote, moja moja, akazitupa mbali, akizirusha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Walitoa komeo. Mlango haukufunguka. Inspekta aligonga.

"Polisi! Uko salama?"

Aligonga tena, akajitambulisha kwa cheo. Akasukuma, na mlango ukacheza kidogo tu, kama kuna kitu kizito kimeegemezwa ndani. Sajenti alitafuta nyundo. Kwa ndani, chini kabisa, ikasikika sauti ya kukwaruza, ya mtu anayesogea mbali na mlango.

"Hatafungua," binti alisema. "Mimi pia sikufungua. Alikuwa anakuja anabadilisha sauti. Mara polisi, mara mlinzi, mara mwanamke. Ukiitika anacheka, anaondoka."

Alipiga magoti kwenye maranda, akaweka mdomo kwenye ufa.

"Dada."

Mvua tu.

"Dada, ni mimi. Ni mimi, Kitindamimba. Nimekuja na miguu yangu. Yeye amefungwa pingu, nimemwona kwa macho yangu mawili. Mama kampiga na kiatu."

Inspekta alikuwa ameshika komeo, hakujua kwamba amelishika kwa nguvu mpaka kiganja kilipoanza kuuma. Kisha sauti ikatoka ndani, kavu, iliyopasuka, kama ya mtu mzee sana.

"Kampiga na kiatu gani?"

"Cha kwangu. Kile chekundu."

Ubao ulivutwa. Kisha mwingine. Mkunga alikuwa amepanga mbao zote za kile chumba nyuma ya mlango, akajifungia zaidi ya alivyofungiwa, ili yule wa nje asimfikie. Sasa alikuwa anaziondoa, na kila moja ilichukua nguvu asizokuwa nazo. Walimsikia akipumzika. Walimsikia akianza tena. Sajenti alitaka kusukuma, Inspekta akamzuia kwa mkono.

Mlango ulifunguka nafasi ya bega. Mwanga wa tochi ulimwangukia mwanamke aliyekaa chini, midomo imepasuka, mguu mmoja bila kiatu. Hakumtazama Inspekta, wala Sajenti. Alimtazama mdogo wake, na uso wake ukakunjamana kwa hasira.

"Aliniuliza kila siku uko wapi," alisema. "Kila siku. Sikumwambia. Na wewe umetoka. Si nilikwambia usitoke?"

"Ulisema nisitoke."

"Mbona umetoka?"

Mdogo mtu alipenya kwenye ule upenyo akisukuma mbao kwa kiuno, akaingia ndani ya chumba kilekile, gizani, akakaa sakafuni karibu na dada yake, akamwinua kichwa na kukilaza kwenye paja lake. Inspekta aliwapitishia chupa ya maji kwa mkono ulionyooshwa, akabaki nje, ameweka mguu wake kizingitini ili ule mlango usijifunge.